Jibu Limo Ndani ya Barua

Bwenini, 2 Machi 2003

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na yule bata bukini wako mkorofi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Msalimie sana Shangazi Duan anayekusomea, na umwambie asiruke maneno.

Nianze na baya ili nilimalize. Tumerudishiwa jaribio la kwanza la Kiingereza. Kwenye ufahamu kuna maswali ishirini, nami nimepata manane. Baba ameshasema mwaka huu ndio wa mwisho: nikianguka tena mtihani wa Juni, ananichukua kule kusini nikabandike soli za viatu kiwandani pamoja na Mama. Bibi, mimi sitaki soli. Nataka chuo cha ualimu.

Mwalimu wetu mpya anaitwa Hou. Alinisimamisha mbele ya darasa akasema, "Kou Maisui, wewe husomi, unabeba matofali." Alisema kweli. Kila neno la Kiingereza nalihamishia kwanza kwenye Kichina, moja moja, na nikifika mwisho wa sentensi mwanzo wake nimeusahau na kengele imelia. Halafu sentensi zao zinakwenda kinyumenyume. Sisi tunatanguliza sifa zote za mtu ndipo tunamtaja. Wao wanamtaja kwanza, kisha wanamfunga mkia mrefu nyuma. Mwalimu Hou anasema nimtafute mtu na alichofanya, mkia nitaushika baadaye. Anasema pia tusome maswali kabla ya kifungu. Na kila siku, kabla hajatoka darasani, anasema hivi: "Jibu limo ndani ya maandishi. Halimo moyoni mwako, wala kwa jirani yako."

Nimekuletea swali moja kwa lugha yetu, tulifanye pamoja. Mzee Mwingereza amepotelewa na mbwa. Anabandika matangazo mji mzima, watu wanatafuta siku tatu, mwisho mbwa anakutwa amelala chini ya kitanda cha huyo huyo mzee. Mzee alijisikiaje? A, alikasirika. B, aliona haya. C, aliogopa. D, alichoka. Kwa kuwa herufi huzijui, bonyeza dole gumba lako chini ya barua: mara moja ni A, mara mbili B, mara tatu C, mara nne D.

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 9 Machi 2003

Kwa mjukuu wangu Maisui,

Marahaba. Mimi mzima. Tumbo linanisumbua kidogo, ni viazi vitamu tu. (Si viazi. Tangu sikukuu ya mwaka mpya hali kitu. Mimi Duan ndiye mwandishi, na ya kwangu nitayatia kwenye mabano. Yeye hajui kusoma, hatajua.) Bata amemng'ata mtu wa umeme, vizuri sana, nguzo yetu ina mwaka haijarekebishwa.

Huyo mzee wako ni mpumbavu. Kabla ya kusumbua mji mzima, si achungulie uvunguni? Mimi ni mara mbili. Mtu mzima akishasumbua watu kwa kitu kilichokuwa uvunguni mwake, anaona haya, hana jingine. Na hao wanaotunga maswali ni watu wa ajabu. Wanajua jibu, halafu wanalificha, halafu wanakuuliza wewe.

Alama zangu hizo hapo chini. Lile kovu katikati ya dole ni la mundu, nilijikata mwaka aliozaliwa baba yako. Hakuna dole kama hilo kijiji kizima. Ukiliona, ujue ni mimi. Usipoliona, mtu anakudanganya kwa jina langu.

Soli usinililie. Sikukuita Maisui, suke la ngano, ili ukakae kwenye gundi. Soma.

(Amebonyeza mara mbili, na mara ya tatu kwenye kibao cha dukani kwangu, kwa uchokozi tu.)

Bibi yako


Bwenini, 30 Machi 2003

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Hujambo na tumbo? Mimi mzima kabisa. Jibu lilikuwa B, Bibi, na mimi nilichagua A. Nilipomsimulia Mwalimu Hou alicheka, akasema ungekuja wewe ukae kwenye dawati langu.

Sasa napata kumi na mbili. Neno nisilolijua silikimbilii tena kwenye kamusi. Natazama majirani zake, nao wananiambia tabia yake. Kinachonishinda ni swali la mwisho, lile ambalo jibu lake halijaandikwa popote na bado limo. Mwalimu Hou anasema, "Tazama kilichopaswa kuwepo na hakipo." Nikisoma kitu ambacho hakipo nahisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Hili hapa: mwanamke anaishi peke yake pembezoni mwa mji. Kila jioni anatenga sahani mbili mezani. Anakula moja, nyingine anaiosha ikiwa imejaa vilevile. Tunajifunza nini? A, ana njaa sana. B, anasubiri mgeni. C, mumewe amekufa. D, amepika kupita kiasi. Mimi nilichagua B, nikakosa.

Umekwenda kwa daktari?

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 6 Aprili 2003

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na wote wazima, na bata mzima.

Hilo nalo ni swali? Mara tatu. Bakuli la babu yako mimi mwenyewe nalitenga kila tarehe aliyofariki, na hakuna Mwingereza aliyekuja kuniuliza. Kilichonishangaza ni sahani kuoshwa ikiwa imejaa. Mchoyo huyo. Cha marehemu unakila ukishamkaribisha.

Jana tulikwenda kumfagilia kaburi. Ngano imemzunguka, imefika magotini. Ile nafasi ya kando yake, ya kushoto, ilikuwa imeota magugu. Nikayang'oa yote. Duan akaniambia acha, si sasa. Nikamwambia mtu hutandika kitanda kabla ya usingizi. (Njiani alikaa chini mara tatu. Akanikataza kuandika hili. Naandika. Kwa daktari hakwenda.)

Namsikia Duan anaandika kuliko ninavyosema. Mimi nasema maneno kumi, kalamu yake inakwenda mia. Iko siku nitajifunza herufi nimkomeshe.

(Mara tatu.)

Bibi yako


Bwenini, 27 Aprili 2003

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo Bibi. Unaendeleaje? Natumaini huu ugonjwa mpya wa mapafu unaoenea nchini haujafika kijijini. Huku wametufungia. Tangu Alhamisi lango lina mnyororo, haingii mtu hatoki mtu mpaka mtihani upite. Mabasi hayapo, na barabara mbele ya shule ni tupu mchana kutwa, unasikia taa ya ishara ikibadilika. Ndani wanachemsha siki kwenye madarasa kuua vijidudu, hata vitabu vinanuka kachumbari. Asubuhi tunapanga foleni kupimwa joto. Ukiwa na joto unapelekwa jengo la nyuma kwa wiki mbili, na mtihani haukungoji.

Barua nazo zinapuliziwa dawa langoni. Kwenye simu ya duka najua hutanisikia, masikio yako nayajua, kwa hiyo nijibu haya kwa barua. Huko mnavaa barakoa? Daktari amesema nini? Nani atakuvunia ngano, maana Baba naye nasikia amefungiwa kiwandani? Bata ametaga? Nijibu yote manne, Bibi, hata kama ni kwa matusi.

Nimepata kumi na tano.

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 4 Mei 2003

Kwa mjukuu wangu Maisui,

Ni mimi bibi yako. Mimi sijambo. Natumaini nawe hujambo na unakula. Usile mikate mikavu peke yake, tia pilipili. Unapolala, miguu iwe na joto.

Ngano inaendelea vizuri. Nimetulia, sina maumivu. Nakufikiria ukiwa umeinama kwenye karatasi zako. Usiniwazie mimi. Soma.

Bibi yako


Bwenini, 11 Mei 2003

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Hujambo? Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara nyingi mno kwa barua fupi vile. Nimefurahi kwamba huna maumivu. Lakini Bibi, hukunijibu hata moja. Bata je? Na Shangazi Duan amenuna? Hakuna mabano. Mwambie nayakosa mabano yake.

Dole ni lako, nimeliona, na kovu lake. Limetulia mahali pake. Hilo limenipa usingizi.

Mwalimu Hou ameanza kututungia mitihani mwenyewe. Nimepata kumi na sita. Anasema sasa nasoma kama mtu anayetembea, sibebi tena. Nilipaswa kufurahi. Badala yake kila ninachosoma nakiangalia mara mbili, hata tangazo la jikoni.

Nijibu, tafadhali.

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 19 Mei 2003

Kwa mjukuu wangu Maisui,

Ni mimi bibi yako. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo. Barua zako zinanifurahisha.

Ngano bado ya kijani, inasubiri. Leo kuna mvua ndogo, nimelala nikiisikiliza ikianguka juu ya vigae. Nyumba ni kimya. Ukifika mtihanini usiogope maneno makubwa. Mtu mwenye maneno makubwa mara nyingi hana la kusema.

Bibi yako


Bwenini, 25 Mei 2003

Kwa Bibi,

Shikamoo.

Leo sitaanza na salamu ndefu. Nina hofu, na nitaisema yote.

Nimetandaza barua zako mbili za mwezi huu mezani, nikazisoma kama Mwalimu Hou alivyotufundisha, moyo wangu nimeuweka pembeni. Haya ndiyo yaliyomo ndani ya maandishi. Barua yenyewe ni ya wino mweusi, tarehe juu yake ni ya wino wa bluu. Unasema ngano ni ya kijani. Kutoka dirisha la bwenini naona mashamba ng'ambo ya ukuta, joto limewahi mwaka huu, na ngano imegeuka njano wiki nzima. Wewe hujawahi kukosea ngano. Unasema kuna mvua. Hapa kwetu na kijijini ni kilomita arobaini, na mwezi huu halijaanguka tone.

Halafu nikatazama kilichopaswa kuwepo na hakipo. Nchi nzima inazungumza ugonjwa, hata mpishi wetu akipakua tambi anazungumza ugonjwa. Wewe, barua mbili, hujautaja. Hujanijibu swali hata moja. Hujamtukana mtu. Na chini ya harufu ya dawa ya langoni, karatasi inanuka vijiti vya udi, vile tunavyowachomea marehemu.

Lakini dole ni lako, Bibi. Hapo ndipo ninaposhindwa. Kila kitu ndani ya barua kinasema hupo, na dole linasema upo.

Basi nakutungia swali mwenyewe. Bibi mmoja ana mjukuu aliyefungiwa shuleni. Huyo bibi sasa hivi yuko wapi? A, yuko nyumbani, anamlisha bata. B, yuko dukani kwa Duan, anabishana. C, yuko hospitalini mjini, na wamenificha. D, amelala shambani kando ya Babu, upande wa kushoto. Unajua namna ya kujibu.

Nisipojibiwa, sisubiri mtihani. Ukuta wa nyuma ya jiko si mrefu, na nguo zangu nimeshazifunga. Nitatembea hizo kilomita arobaini. Soli tutazibandika.

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 1 Juni 2003

Kwa mjukuu wangu Maisui,

Ni mimi bibi yako. Hii ni ya mwisho kabla ya mtihani, ndiyo maana ni fupi. Natumaini hujambo. Mimi sina shida.

Usikimbilie nyumbani. Njia ipo, haiendi popote, na mimi pia siendi popote. Kaa kwenye kiti chako mpaka ukurasa uishe, halafu ugeuze mwingine.

Hapa nilipo nasikia ngano ikikua. Hukuwahi kuniamini nilipokwambia kwamba inasikika.

Mimi nakupenda. Sikukwambia ulipokuwa karibu, maana ungevimba kichwa.

Bibi yako


Bwenini, 3 Juni 2003

Kwa Bibi,

Shikamoo.

Nimehesabu alama zako. Nimehesabu mara tano, kwa kidole, kama mtoto. Nne. Zote zina kovu.

Nimeelewa. Nimefungua furushi la nguo, nimezirudisha kabatini.

Kulia siwezi hapa. Aliyelia uso unamchemka, na asubuhi kwenye foleni wanampeleka jengo la nyuma. Nitalia tarehe nane jioni, Bibi, baada ya karatasi ya mwisho. Mpaka hapo nimekibeba kilio kifuani, na ninatembea polepole kisimwagike.

Shangazi Duan, najua ni wewe unayesoma hii. Asante kwa kunipa jibu badala ya kunibembeleza. Usimwambie Baba kwamba nimejua, anajitahidi kunificha, mwache.

Mjukuu wako,
Maisui


Kijijini, 8 Juni 2003

Kwa mwanangu Maisui,

Hujambo mwanangu? Pole na mtihani. Sisi huku wazima wa mwili. Barua hii atakupa baba yako langoni. Ameruhusiwa kutoka kusini, amefika jana, na ameniomba nikuandikie kwa sababu yeye akifungua mdomo analia. Tafuta mahali ukae kabla hujaendelea.

Bibi yako alifariki tarehe kumi na tisa Aprili, alfajiri. Hakuteseka siku ya mwisho. Tulimlaza kando ya babu yako, kwenye ile nafasi aliyoisafisha kwa mikono yake. Tulikuwa watu sita tu.

Nisamehe, mwanangu. Unajua desturi yetu, mtoto wa mtihani haambiwi msiba. Jirani yangu alifichwa kifo cha baba yake miezi mitatu, na leo ni mhandisi na bado hawasemeshi nduguze. Nilijua hilo, na bado nilikubali, kwa sababu alitaka mwenyewe. Alipozidiwa aliniita na kalamu. Akasema, "Tatu zinatosha, mtihani uko karibu." Siku moja ya mvua, tarehe kumi na saba, aliniandikisha barua zote tatu akiwa kitandani. Mabano sikutia. Nilikuwa siioni karatasi kwa machozi. Baada ya maziko nikaziweka mbele ya picha yake, penye udi, na kila moja ilipofika zamu yake nikaiandikia tarehe na kuipeleka posta.

Barua zako zilizokuja baada ya hapo ni nne. Sikuzifungua. Sisi tumelelewa hivyo, barua ya marehemu hafungui mwingine. Ziko chini ya bakuli lake, gundi haijaguswa, baba yako ameziona. Ukija utazichoma mwenyewe kaburini ili zimfikie. Ngano tumevuna jana, kaburi sasa linaonekana kutoka barabarani. Bata yuko kwangu, ametaga matatu.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata baba yako. Barua ya kwanza alibonyeza dole mara moja, kama sahihi. Ya pili mara moja. Ya tatu akabonyeza, akachovya tena, akabonyeza, akachovya tena, mpaka zikawa nne, zimepangana vizuri. Nikamwambia, "Mama, unanimalizia wino, moja inatosha." Akanitazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Akasema, "Kwani ni wewe uliyeniuliza?"

Chumbani tulikuwa mimi na yeye tu. Tangu siku ile nikipita mlango wa nyumba yake natembea haraka.

Maisui, mwanangu, ulimuuliza nini? Na ulimuuliza lini?

Shangazi yako,
Duan